Roshani ya Nyumba Isiyo na Ghorofa

Ukiingia katika lile duka la vitabu, ukaipita kaunta, ukaipita meza ya vitabu vya kutajirika haraka (ambavyo, kwa kadiri ionekanavyo, vimemtajirisha mchapishaji peke yake), utafika kwenye rafu ya vitabu vya safari. Pembeni ya rafu kuna kigoda, na juu ya kigoda kuna mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani, anasoma kwa uso wa mtu anayenusa samaki wa juzi. Huyo ndiye Bi Kaskazini. Usimsalimie akiwa katikati ya ukurasa. Ataitikia, lakini utajuta.

Jina walimpa wanafunzi. Alifundisha jiografia kwa miaka mingi katika sekondari ya wasichana, na mwanafunzi aliyechelewa hakuchapwa wala hakufukuzwa. Alisimama mlangoni akaonyesha kaskazini kwa kidole, ndipo akaruhusiwa kukaa. Siku moja aliyechelewa alikuwa mkaguzi wa elimu. Bi Kaskazini alimsimamisha mlangoni kama wengine. Mkaguzi, mtu wa tai na cheo, alinyoosha kidole kwa kujiamini kabisa kuelekea vyoo. Darasa lilicheka mpaka darasa la jirani likadakia bila kujua kinachochekwa. Muhula uliofuata Bi Kaskazini alikuwa nyumbani, anapanga sufuria upya kila asubuhi na kugombana na redio.

Duka lilikuwa la mumewe. Huyu alikuwa mtu mpole, aliyeipenda hasira ya mkewe kama wengine wapendavyo pilipili: macho yanatoka machozi, mkono unarudi tena kwenye bakuli. Alipochoka kumsikia akibishana na watangazaji wasiomsikia, alimwachia rafu moja nzima, akaifuta vumbi kwa mkono wake, akamwambia, "Mama, gombana na hawa. Hawa angalau wameandika, hawawezi kukana." Ndivyo ilivyoanza. Na alipolazwa mara ya mwisho, alimwita mdogo wake kitandani, akamkabidhi duka mbele ya ndugu, akaongeza kwamba rafu ya safari ni ya mkewe, na hakuna kitabu kitakachopanda pale kabla yeye hajakisoma. Mdogo mtu alikubali. Kando ya kitanda cha mgonjwa watu hukubali mengi.

Kwa nini hasira yote hiyo aimwage kwenye vitabu vya safari, wakati dunia haina upungufu wa mambo ya kukasirikia? Alikuwa na jibu, na alilitoa hata kwa asiyeuliza. "Kitabu kibaya cha mapenzi kinakupotezea jioni moja," alisema. "Kitabu kibaya cha safari kinakushusha kwenye stendi iliyohamishwa zamani, mvua inanyesha, una mtoto mgongoni, na mwandishi yuko kwake anakunywa chai."

Kwa hiyo alichagua kama afisa wa forodha. Ukurasa wa kwanza hakuusoma. Ukurasa wa kwanza, alisema, kila mtu anavaa suti. Alifungua moja kwa moja mahali anapopajua yeye. Mwandishi akidanganya kuhusu mtaa wako, una sababu gani ya kumwamini kuhusu mtaa wa mwenzako? Kama kitabu hakikuwa na mahali anapopajua, alitafuta choo. Mtu aliyesafiri kweli, kwa maoni yake, hukumbuka choo kimoja angalau mpaka anaingia kaburini, na mwandishi anayezunguka nchi nzima bila kubanwa hata mara moja hakutoka sebuleni kwake. Halafu aliwinda maneno "peke yangu." Alikuwa amekusanya waandishi kadhaa waliovuka jangwa peke yao, pamoja na dereva, mpishi, mbeba mizigo na mwenyeji wa kuwatafsiria, ambao wote walipotea kwenye kurasa kama chumvi kwenye supu.

Vitabu alivyovipenda havikuwa na majalada mazuri. Alipenda mwandishi anayechoshwa. Alipenda mwandishi anayekiri kwamba basi lilimwacha kwa uzembe wake mwenyewe, kwamba alikaa kijijini wiki nzima na hakuelewa kitu, kwamba mji uliosifiwa na wenzake ulikuwa na mbu na kelele za jenereta. Katika vitabu vya kuelekeza njia alitaka mwaka wa uchapishaji uonekane bila darubini, ramani iwe na kipimo, na awepo mwandishi mwenye ujasiri wa kusema: hapa usiende, hakuna kitu.

Wateja walimwogopa na walirudi. Kijana mmoja aliingia akitafuta kitabu cha fungate.

"Mnakwenda wapi?" Bi Kaskazini akamuuliza.

"Popote penye ufukwe, Madamu. Iwe kama kwenye picha."

"Mwenzako anajua kuogelea?"

"Sijamuuliza."

"Anapenda jua?"

"Hilo pia sijamuuliza."

"Basi kitabu unachokihitaji hakijaandikwa. Nenda kamuulize, kisha mje wote wawili. Ufukwe hautakimbia."

Kijana alikwenda, na wakarudi wawili. Wakaondoka na kitabu cha milimani, kwa sababu bibi harusi, ikabainika, aliogopa maji tangu utotoni. Mambo ya namna hii ndiyo yaliyowafanya watu wamwamini. Akisema kitabu ni kizuri, watu walinunua bila kukifungua. Akisema ni kibaya, hata mwizi alikirudisha.

Chini kabisa ya rafu, karibu na sakafu, kulikuwa na sehemu aliyoiita jela. Humo vilikaa vitabu vilivyokamatwa vikisema uongo, migongo imegeuzwa ukutani. Na mtego uliopeleka vingi jela ulikuwa roshani.

Hii roshani inahitaji maelezo. Bi Kaskazini alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, katika mji mdogo kando ya ziwa. Shangazi alikuwa na nyumba ya wageni: vyumba vinane vilivyopangwa kuzunguka ua, vyote chini, paa la bati, nyuma ya ghala la chama cha ushirika. Ghorofa haikuwapo. Dirisha la kuonea ziwa halikuwapo pia, labda ubomoe ghala. Sasa, zamani sana, mwandishi mmoja wa kitabu cha kuelekeza wageni alilala kwa shangazi na kula hoteli ya ng'ambo ya barabara, ambayo ilikuwa na ghorofa, na juu yake roshani. Alipofika kwao akachanganya kumbukumbu zake, na roshani ikavuka barabara. Kosa la kibinadamu, mtu amechoka. Lakini mwandishi wa pili akaandika roshani ileile. Wa tatu akaiongezea upepo mwanana. Wa nne akaweka viti vya ukili.

"Wanafunzi wanaoibiana mtihani hukamatwa hivihivi," Bi Kaskazini alisema. "Majibu sahihi hayakuonyeshi mwizi. Kosa moja likionekana kwenye karatasi tano ndilo linalokuonyesha nani alikaa karibu na nani."

Basi kila kitabu kipya kilichougusa mji ule kilifunguliwa kwenye ukurasa wake kwanza. Roshani ikiwepo, jela. Katika miaka yote hiyo alipata kitabu kimoja tu, chembamba, cha karatasi duni, kilichoandika waziwazi kwamba nyumba ile haina roshani na msomaji asidanganywe. Hicho alikiweka juu kabisa, usawa wa macho, na akakiuza kwa watu wasiokuwa na mpango wowote wa kwenda huko.

Huo ndio mpaka aliokuwa akiulinda pale zilipoingia katoni tatu za *Njia Zote Zinanijua*.

Mwandishi wake alikuwa mtangazaji wa redio, maarufu kwa jina la Guu Refu, ambaye kila wikendi alisimulia safari zake kwa sauti inayokufanya uhisi umeonewa kuzaliwa na miguu ya kawaida. Kwenye jalada alikuwa amesimama juu ya jiwe, mikono ameitandaza kama anayepimwa shati kwa fundi. Bi Kaskazini alikifungua kwenye mji wa shangazi. Nyumba ilikuwapo, kwa jina lake na mtaa wake. Roshani ilikuwapo. Na safari hii roshanini alikuwapo mtu.

"Niliketi na bibi mwenye nyumba," alikuwa ameandika Guu Refu, "jua likizama taratibu ziwani. Alinishika kwa mikono iliyokunjamana kama ramani ya kale. 'Mwanangu,' akaniambia, 'nimekungoja maisha yangu yote. Moyo wangu ulijua kwamba utakuja.'"

Sisi wateja tuliokuwa karibu na rafu tulimwona akikifunga kitabu polepole. Akaenda nyuma ya duka, kwenye sinki, akanawa mikono kwa sabuni. Kisha akaenda kaunta.

"Shemeji, nani kaleta takataka hii?"

Mdogo wa mumewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kaunta. "Takataka gani tena, shemeji? Hiyo ndiyo inayoulizwa na kila anayeingia. Katoni tatu nimezipata kwa kubembeleza."

"Huyu mtu anasema kaketi na shangazi yangu."

"Si vizuri? Ukoo umeingia kitabuni."

"Shangazi yangu alikufa kabla huyu hajaota ndevu. Na kaketi naye kwenye roshani. Nyumba haina ghorofa, shemeji. Roshani ya nyumba ya chini unaijua inaitwaje? Inaitwa uwanja."

"Labda aliketi na bibi mwingine."

"Akamshika mkono. Shangazi yangu hakumshika mkono hata mumewe."

Shemeji akashusha pumzi. Alikuwa na habari aliyokuwa akiitunza kwa siku ngumu, na akaona siku yenyewe imefika. "Sikia. Jumamosi anakuja hapa kusaini vitabu. Nataka kitabu chake kikae kwenye rafu yako, pale juu, na wewe umkaribishe kwa maneno mawili. Mimi nikisema kitabu kizuri watu wanajua nataka kuuza. Wewe wanakuamini."

"Sikiweki."

"Basi Jumatatu naleta fundi. Pale patakuwa mabegi ya shule."

"Kaka yako alisema nini hospitali?"

"Kaka alisema mengi, na nimeyatimiza kwa muda mrefu, shemeji. Lakini kaka hakai hapa mlangoni kusubiri wateja. Mabegi hayawafokei watu. Jumamosi kitabu kiwe juu, ama rafu iondoke. Chagua."

 Bi Kaskazini alirudi kigodani, akakaa na kitabu mapajani, bila kukisoma.

Ili uelewe ukubwa wa tusi lile ni lazima umjue shangazi mwenyewe. Hakuwa akisema karibu. Mgeni akifika na mabegi yake, alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni na kumwambia, "Umefika," kama hakimu anayesoma hukumu. Kisha mgeni alipelekwa kwenye bomba la uani akaosha miguu, hata awe nani, kwa sababu mashuka ya nyumba ile yalifuliwa kwa mkono, yakaanikwa juani, na mfuaji alikuwa binti wa kaka yake kabla ya kwenda shule. Mkuu wa wilaya alipokataa kuosha miguu alilala kwenye gari lake. Taulo zilihesabiwa mbele ya mgeni. Geti lilifungwa kwa wakati wake, na aliyechelewa alijadiliana na ukuta. Wageni walirudi mwaka baada ya mwaka. Mashuka yalinukia jua, hakuna kilichoibiwa, na hakuna aliyewadanganya kwamba anawapenda.

Huyo ndiye aliyemlea, aliyemsomesha, aliyemfundisha kwamba neno ukilitoa bure linakuwa bure. Sasa amewekwa juu ya roshani hewa, anamwambia mtangazaji wa redio kwamba amemngoja maisha yake yote.

Bi Kaskazini aliamua kwamba Jumamosi atazungumza, na hayatakuwa maneno mawili. Alihitaji ushahidi. Akampigia simu binamu yake, binti wa shangazi, aliyerithi nyumba ile na bado anaiendesha.

"Nipigie picha ya nyumba nzima," alimwambia. "Kutoka barabarani, paa lionekane. Kuna mjinga ameandika tena roshani, namtaka aione."



"Dada," binamu akasema, "roshani ipo."

"Ipo wapi?"

"Nimeijenga."

Ilibidi arudie mara mbili. Wageni, alieleza, walikuwa wakifika vitabu mkononi, wanaulizia roshani. Aliwaambia haipo. Wakamwambia yeye ndiye haijui nyumba yake. Wengine walinuna, wengine walivuka barabara wakalala ng'ambo. "Kila siku naomba radhi kwa kitu ambacho sikukibomoa. Nikachoka. Nikamwita fundi, tukamwaga zege juu ya chumba cha kufulia, tukaweka ngazi na viti vya ukili."

"Ziwa linaonekana?"

"Ukisimama kwa ncha za vidole. Kipande, kama sahani."

"Mama yako angeibomoa kwa mikono yake."

"Mama angeibomoa, ndiyo. Mama hakuwa na deni la choo kipya." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na yale maneno ya kwenye kitabu cha mtu wa redio, nimeyachorisha ukutani. Pale juu, penye ngazi."

"Mama hakuyasema."

"Mimi ndiye mwanawe, dada, hakuna haja ya kuniambia. Lakini wanapiga nayo picha. Vyumba vimeanza kujaa. Tafadhali, huko uliko usituharibie."

Bi Kaskazini alikata simu bila kuaga. Alisimama mbele ya rafu yake muda mrefu, mikono kiunoni. Hesabu ilikuwa rahisi na ya kuudhi. Wezi wote waliokuwa jela sasa walikuwa wamesema kweli. Kile kitabu chembamba cha juu kabisa, kitabu pekee kilichothubutu kukana, ndicho kilichokuwa kimekosea. Akakishusha, akakitia kwenye mkoba wake, akaufunga zipu kwa nguvu iliyong'oa kishikio. Kama kulikuwa na mtu wa kumlaumu alikuwa tayari kumpata, lakini hakuna aliyejitokeza, kwa hiyo alimgombeza mteja aliyekunja kona ya ukurasa.

Jumamosi watu walijaa mpaka nje. Shemeji alikuwa amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya kiwandani ilikuwa haijatoka. Guu Refu aliingia, na la kukera zaidi ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Alimsalimia kila mtu, aliinama kuokota funguo za mama mmoja zilizoanguka, aliuliza jina la mlinzi na akalikumbuka baadaye. Miguu yake, tuliona wote, ilikuwa ya kawaida.

"Na sasa," shemeji akatangaza, "mtu mnayemjua na mnayemwogopa, atatukaribishia mgeni wetu."

Bi Kaskazini alisimama, kitabu mkononi. Akasoma kile kipande cha roshani kwa sauti ya darasani, tangu jua kuzama hadi moyo uliojua. Watu wengine wakaguna kwa utamu. Akakifunga.

"Huyu bibi ni shangazi yangu," akasema. "Kanilea. Wakati unasema umeketi naye, alikuwa ameshazikwa, na nyasi zimeota. Nataka uniambie mbele ya hawa watu ni mikono ya nani uliyoishika."

 Shemeji alifumba macho. Sisi wengine tulimtazama Guu Refu, tukisubiri ajikanyage.

Hakujikanyaga. Aliweka mkono kifuani. "Mama, nisamehe," akasema, na ilionekana anamaanisha. "Nilipita pale usiku mmoja tu. Nilisoma habari zake kwenye vitabu vya watu, nikajiona kama nimekaa naye kweli. Unajua safari, nyuso zinachanganyika. Nimekosa." Akasogea karibu. "Hebu niambie. Alikuwaje?"

Hilo Bi Kaskazini hakulitarajia. Alikuja amebeba mawe na mtu amemfungulia mlango.

"Hakumwita mtu yeyote mwanangu," akaanza, bado kwa hasira. "Hata mimi. Mgeni aliosha miguu kwanza, kule uani, ndipo aonyeshwe chumba. Mkuu wa wilaya alikataa, akalala garini."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu waliomwona shangazi akiwa mlangoni na mkuu wa wilaya akiwa amekunja magoti kwenye kiti cha nyuma. Bi Kaskazini, ambaye hakuwa amemzungumzia shangazi yake mbele ya umati tangu siku ya mazishi, akapata joto. Akaeleza taulo. Akaeleza geti. Kicheko kikaongezeka. Sauti yake ikalegea, ikawa karibu ya furaha.

"Na mgeni akiondoka," akasema, "alimsindikiza mpaka getini, hata awe mgeni wa usiku mmoja. Akamshika bega, hapo tu ndipo alipomgusa mtu, akamwambia—"

 Guu Refu alikuwa ametoa simu, ameinyoosha kati yao, na kwenye kioo kulikuwa na kidoa chekundu kinachowaka.

"Endelea, mama, tafadhali," Guu Refu akasema kwa upole. Macho yake yaling'aa kwa furaha ya kweli. "Hii ni bora mara mia kuliko niliyoandika mimi. Toleo la pili naiweka yote, neno kwa neno. Na jina lako naliweka. Alikuwa akiwaambia nini?"

Nyuma yake shemeji alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu: sema, shemeji, sema. Umati ulisogea mbele.

Bi Kaskazini aliitazama ile simu. Mtu yeyote aliyesoma vitabu vingi vya safari angeweza kuiona barabara iliyokuwa mbele ya sentensi ile. Ingeingia toleo la pili. Mwandishi mwingine angeinakili, wa tatu angeitia upepo mwanana. Binamu angempigia simu mchoraji, na maneno ambayo shangazi aliyatoa mara moja tu kwa kila mtu, getini, mkono begani, yangekaa juu ya ngazi ya zege, watu wanapiga nayo picha huku wamekula maandazi.

"Alikuwa akiwaambia," akasema, na kila neno lilitoka kama jino, "kwamba amewangoja maisha yake yote. Na kwamba moyo wake ulijua watakuja."

Guu Refu akashusha simu kidogo. "Si ndiyo hayohayo niliyoandika?"

"Ndiyo hayohayo. Nilikuwa nimesahau."

"Na miguu? Na yule mkuu wa wilaya?"

"Nimebuni. Nilitaka watu wacheke."

"Lakini umesema alishafariki."

"Nimekosea mwaka. Alichelewa kufa." Akamgeukia shemeji. "Lete kimoja."

Shemeji akampa kitabu. Bi Kaskazini akaigeukia rafu na kukiweka *Njia Zote Zinanijua* juu kabisa, usawa wa macho, pale palipokuwa wazi. Watu wakapiga makofi. Hata walioujua uso ule wa samaki wa juzi walipiga makofi, kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine kwa mikono yao.

Foleni ikaanza, na haikwenda kwa Guu Refu peke yake. Mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani alisainiwa chake, kisha akakileta kigodani.

"Madamu, na wewe weka sahihi. Hapa, kwenye maneno ya shangazi."

Bi Kaskazini aliitazama kalamu aliyopewa kama mtu aliyepewa nyoka ashike mkia. Nyuma ya yule mama wengine walikuwa wameshajipanga, ukurasa uleule umefunguliwa. Akasaini, kwa mkono mzito hata wino ukatokea upande wa pili.

"Alikuwa mkarimu, eti?"

"Sana."

"Na mpole."

"Mno."

"Alikuwa anapika?"

Shangazi aliunguza hata maji. "Ajabu," akasema Bi Kaskazini.

"Tungekuwa na mashangazi kama hao, hii dunia ingekuwa tamu."

"Mungu awape," akajibu, akavuta kitabu kingine.

Watu walikuja, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliuliza, na kila mmoja alijibiwa kwa neno moja. Sahihi zilizidi kuwa fupi, mpaka zikabaki mkwaruzo. Upande wa pili wa duka Guu Refu alikuwa anacheka na mlinzi, anamwita kwa jina. Katoni ya pili ilikatwa gundi.

Shemeji akapenya hadi kwenye rafu, jasho limelowesha mikunjo ya shati, akainama sikioni mwake. "Shemeji, sina cha kukulipa. Fundi sitamwita. Rafu ni yako mpaka siku Mungu atakapokuita, nakuapia mbele ya watu hawa."

Bi Kaskazini hakuinua kichwa. Alikuwa anaitikisa kalamu, iliyokuwa imeanza kukwaruza bila wino juu ya mikono iliyokunjamana kama ramani ya kale.

"Niletee kalamu nyingine," akasema. "Na usinisemeshe."